Wana Ludi Rini

Bungoma,
Jumanne, 7 Oktoba

Niaje Pukupuku!

Keti chini kwanza. Zima hiyo mashine yako ya kupukuchua mahindi, toa vumbi kwa masikio, usome pole pole juu siwezi kurudia. Ndio, ni barua. Karatasi na biro kama mababu. Simu yangu imelala kituo ya polisi, wanasema ni ushahidi. Na kabla uanze kupiga nduru: niko nje, niko mzima, nimekula, na niko maarufu bana! Maarufu, Kiarie! Mimi!

Wacha nikuanzie mwanzo. Unajua venye kaka yangu Festus alienda na jeshi kule ng'ambo, kwa vita ya watu wengine, wakaambiwa ni miezi sita. Sita ikaisha. Nane, kumi, sai ni kumi na nne. Serikali ikiulizwa kwa redio inasema "tutawajulisha". Mayi akasema yeye kama mama yake amechoka kujulishwa atajulishwa. Basi Jumamosi wamama wa wanajeshi wa huku kwetu wakaamua watembee mpaka mjini na swali moja tu: watoto wetu wanarudi lini? Kiongozi ni Mama Wanyonyi. Kijana wake Wanyonyi alipanda lori moja na Festus siku ile ile, na mpaka leo wanalala chumba moja. Na hapa mjini nani anapakanga maandishi? Si ni mimi?

Unajua kazi yangu. Mtu anasema, mi napaka. Sikufundishwa na mtu, sikio inasikia, mkono inaenda. Kevin wa bodaboda akasimama nyuma yangu akinitajia maneno, na Kevin wewe unamjua, ulimi yake haijawahi kutana na l ikaisalimia kwa jina. Kartoni ilikuwa ya boksi ya sabuni, ndogo, nikagawa maneno kwa laini tatu:

WANA
LUDI
RINI?

Herufi nyekundu, kivuli nyeusi, alama ya kuuliza imejikunja kama mkia wa paka. Ilitoka safi mpaka nikarudi nyuma hatua tano niitazame. Hakuna mtu aliona kosa. Wamama sitini, Kiarie, hakuna hata mmoja!

Tukatembea. Tukaimba. Tukafika karibu na stesheni ya reli, makarao hao. Walishika mimi juu mimi ndio nilikuwa na kartoni kubwa. Kufika ndani ya kituo, mkubwa wao, mtu wa kutoka mbali, si wa huku, akaiweka kartoni juu ya meza akaikodolea macho.

"Huyu Rini ni nani?"

"Hakuna Rini, afande."

"Umeandika hapa Wana Ludi. Hiyo ni kikundi. Rini ndiye kiongozi. Anaishi wapi?"

Kona pale kulikuwa na koplo Mbukusu, amefunga mdomo na kofia, mabega inaruka. Akajaribu kusaidia: "Afande, hiyo ni swali. Anauliza wanaludi rini."

"Na mimi ndio nauliza, Rini gani?"

"Si Rini mtu, afande. Ni rini. Rini! Kama, siku gani."

"Siku gani alifanya nini?"

Nakuapia kwa Mungu Wele, wakatuma mtu nje. Akarudi na Irene wa saluni, ati watu humuita Rini, bado ameshika kitana! Irene akauliza amekosa nini, mkubwa akamuuliza wafuasi wake ni wangapi. Irene akasema kwa siku ni kama saba, Jumamosi kumi.

Mpaka saa tisa ndio tukaelewana. Wamama walikuwa wameketi kwa lango wakiimba, hawatoki. Wakanifungulia, simu ikabaki. Kumbe kuna mtu alikuwa amepiga kartoni yangu picha. Jumapili asubuhi watu walikuwa wanaicheka kwa simu zao. Jioni walikuwa wameacha kucheka, wanauliza. Sai kila mtu anatuita Wana Ludi. Hata Irene amejiunga, tunamuita Kiongozi, na anaitika!

Sasa sikiza. Tarehe ishirini, sikukuu ya Mashujaa, tunarudi barabarani. Kubwa. Nataka wewe na vijana wa Tuwan, mjaze. Na kitu ingine: Festus hajapiga simu nyumbani tangu Agosti. Wewe ni rafiki yake tangu darasa la tatu. Amekupigia? Nijibu hiyo kwanza kabla ya utani yako yote.

Nampea shangazi yako Tata Rosaline hii barua hapa sokoni, ameshauza kabeji zote, anapanda lori. Jibu Ijumaa akirudi.

Wako mwenye sifa,
Jentrix Nabwile


Tuwan, Kitale,
Alhamisi, 9 Oktoba

Sasa Rangi Mbichi,

Nimecheka mpaka Tata akatoka jikoni na mwiko akidhani nimepata degedege. "Kwa siku ni kama saba"! Huyo Irene apewe medali.

Lakini mi sikushangaa. Mtu aliyepakia Mzee Eliakim hoteli yake KARIBU KURA CHAPATI, watu wakauliza kama chapati inapigiwa kura ama inasimamia kiti, unatarajia nini kwake? Nilikuambia ukipata kazi kubwa uniletee niisome kwanza. Na usinijibu ati Wakikuyu hatuwezi kufundisha mtu kusema. Najua nasemanga shai na shapati. Lakini kwa karatasi naandika chai, madam.

Nakuonea fahari. Kweli. Hapa Tuwan mtoi wa jirani amechora maneno yako kwa ukuta na makaa, hata hajui ni wewe. Nilimwambia ni dadangu wa Bungoma, akasema naringa.

Mashujaa sasa, sijui. Tuko Saboti na mashine, shamba kwa shamba. Mlima imejifunika wingu kila alasiri, mvua ikianguka kabla tumalize, mahindi ya watu itaoza kwa magunia na mi ndio nitatukanwa. Nitaona. Usinihesabu bado.

Halafu nataka kuuliza kitu na usinirushie kopo ya rangi. Hiyo maneno yenu, wanarudi lini. Ni poa. Lakini mngeandika kitu kama "tuambieni ukweli", haingekuwa imebeba wengi zaidi? Juu kurudi ni mambo ya mtu binafsi pia. Festus mwenyewe akiona picha ya dadake amebeba kartoni, atasikia aje mbele ya wenzake? Mi si mtu wa serikali, usianze. Hiyo vita hata mi siielewi. Nimeskiza wakubwa wakiielezea kwa redio, nikizima redio nabaki na mahindi yangu na swali zangu. Nasema tu, pole pole.

Kuhusu simu ya Festus, network ya huko iko mbaya sana. Mtu hawezi jua.

Tata amekutumia viazi kidogo, za kuchoma.

Ni mimi,
Kiarie


Bungoma,
Jumanne, 14 Oktoba

Kiarie,

Leo Pukupuku nimekunyima. Viazi tumekula, asante kwa Tata, si kwa wewe.

Ati usinihesabu bado! Mvua! Mlima! Wewe ni yule yule Kiarie aliruka ua la shule na Festus ili muone mbio za baiskeli, leo unaogopa wingu? Huku watu wanafunga maduka kuja kwetu. Wiki hii nimepaka mikia ya pikipiki arobaini na mbili, ile plastiki ya nyuma ya kuzuia matope, kila mtu anataka WANALUDI RINI na kila mtu anasema "usikosoe, iache hivyo hivyo!" Juzi nilijaribu kumpakia mmoja kwa usahihi, lini na l, akakataa kuichukua, ati nimemuuzia feki! Kwaya imetunga wimbo. Mwalimu wa Kiswahili amesimama stendi akatuambia sisi ni aibu ya lugha, halafu akauliza kama kuna kartoni imebaki, juu mpwa wake pia yuko kule.

Na Mayi! Ungemuona. Kwa miezi yote hii amekuwa mtu wa kukaa kwa kiti akiangalia lango. Sai anaamka akiimba. Amekandika upya nyumba ya Festus, ile esimba yake ya ujana pale kando ya mgomba, sakafu amepaka mavi ya ng'ombe mpaka inang'aa. Ameosha neti. Jumatatu atakaa mbele kabisa na picha ya Festus kwa mapaja, ile ya magwanda. Anaambia kila mtu, "Kijana wangu amezuiliwa. Angekuwa na njia, angekuja jana."

Na wamama wamenichagua mimi niongee! Kwa maikrofoni! Mimi nimezoea kuongea na ukuta. Nafanya mazoezi nikipaka, watu wanadhani nimepata wazimu.

Sasa, kitu kimoja. Jana bwana mmoja wa serikali alikuwa kwa redio akasema wanajeshi wengine huko wamebaki kwa hiari yao. Kwa hiari! Mayi akarusha sandal, redio ikaanguka, betri zikatoka, tukacheka sisi wote mpaka machozi. Mi nilicheka kuwashinda. Halafu nikaenda kuteka maji, nikiwa peke yangu pale kwa bomba, cheko ikaisha. Nikakumbuka barua yako. "Kurudi ni mambo ya mtu binafsi." Nani anaongeanga hivyo? Wewe ukiongea na maneno safi hivyo, kuna kitu umeficha chini ya kitanda.

Nilikuuliza kitu moja ukanipea network. Sitaki network. Festus amekupigia ama hajakupigia? Andika ndio ama hapana, hata usisalimie.

Jentrix


Tuwan, Kitale,
Alhamisi, 16 Oktoba

Jentrix,

Ndio.

Amenipigia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa Julai, ya pili Septemba tarehe nne, nikiwa Saboti juu ya trela. Hiyo ya pili aliniapisha. Akasema nikifungua mdomo kwa mtu wa kwao yeye na mimi tumeisha. Mi nikaapa haraka haraka, mashine inanguruma, nikidhani ni mambo ya msichana.

Nitakuandikia venye alisema, nisiongeze wala kupunguza.

Alisema, "Kiarie, wametuletea fomu. Iko na viboksi viwili. Kurudi, kubaki. Nimeweka tiki kwa kubaki."

Nikamwambia, "Wewe umechizi?"

Akacheka. Ile cheko yake ya pua. Akasema, "Mi naendesha lori ya maji. Kuna mtaa huko tunapeleka kila siku ya pili. Nikifika kwa kona napiga honi, wamama wanagonga ndoo, barabara yote inalia kama kanisa. Dereva wa kabla yangu alikuwa anapita na kasi, anamwaga nusu. Nikitoka nani ataingia?"

Nikamuuliza, na vita je? Akasema, "Usiniulize vita. Sijui tulitumwa kufanya nini. Mkubwa akisimama kutueleza sisi tunaangalia viatu. Kama ningeulizwa kabla, ningesema tusikuje. Sasa nishakuja, hiyo maji ndio kitu moja naelewa. Usiambie Mayi. Mwambie wametuzuia. Akijua nimechagua, atasema nimechagua kumwacha."

Hiyo ndio yote. Nimeibeba tangu Septemba kama jiwe kwa kiatu. Nikaona kartoni yako, nikajua utapanda juu ya jukwaa mbele ya watu wote umuulizie mtu ambaye alisema hatarudi. Ndio maana nilikuwa nakuzungusha. Mvua ilikuwa ya kweli, lakini ndio, nilijificha nyuma yake.

Ngoja, usirarue, kuna ingine. Alisema chumba yao na za karibu ni watu thelathini. Wanne ndio waliweka tiki ya kubaki. Ishirini na sita waliandika kurudi, na Wanyonyi ni mmoja wao. Wanyonyi aliandika kurudi na akapiga mstari chini mara tatu. Bado wako huko. Kwa hivyo swali yenu si ya uongo, Jentrix. Ni ya kweli kwa ishirini na sita. Kwa kaka yako tu ndio imepinda.

Sijui utafanya nini Jumatatu. Ukisema, serikali itashika hiyo moja iseme mnaona, ni hiari. Usiposema, halafu wenyewe waseme, watakumaliza pale pale. Mi ningenyamaza. Lakini mi nimenyamaza tangu Septemba na angalia imenifikisha wapi.

Sitakuja. Siwezi kumwangalia Mama Festus na hiyo picha kwa mapaja.

Nisamehe,
Kiarie


Bungoma,
Jumanne, 21 Oktoba

Pukupuku!

Nimekurudishia jina. Nilikukasirikia Ijumaa yote na Jumamosi mpaka saa sita, halafu nikachoka, juu hasira inataka mtu akae karibu. Soma haraka. Nahitaji jibu yako, na safari hii si utani.

Jana. Ee Mungu wangu, jana! Watu walijaa mpaka ng'ambo ya reli. Pikipiki zimepangwa na mikia zinatuangalia, herufi zangu, Kiarie, kila mahali macho inaenda ni herufi zangu! Kwaya juu ya lori. Irene amevaa kitambaa nyekundu anapanga watu laini kama mkuu wa jeshi. Yule koplo alikuwa zamu, akanipigia saluti ndogo ya kidole akidhani hakuna mtu anaona. Mayi mbele kabisa, kiti ya plastiki, picha kwa mapaja.

Na pale kando, bwana wa suti kutoka serikalini. Alikuwa ameomba wamama wampe dakika tano baada yangu. Alikuwa na karatasi imekunjwa kwa mkono, na anaipiga piga kwa kidole akitabasamu. Nikajua. Nilijua iko na majina gani, ya wale wa kubaki.

Sikuwa nimemwambia Mayi. Nilijaribu Ijumaa, nilijaribu Jumapili tukitoka kanisa, kila nikifungua mdomo anaanza kuniambia atapika nini Festus akifika. Basi nikapanda pale juu na hotuba yangu nikaikunja nikaweka kwa soksi. Nikasema, "Naitwa Jentrix. Mimi ndio nilikosea hiyo maandishi." Wakacheka, wakapiga makofi. Nikasema, "Kuna kosa ingine. Kaka yangu Festus alipewa fomu, akaweka tiki abaki. Hakuzuiliwa. Amechagua."

Mayi hakuniangalia. Alisimama, akageuza picha uso chini, akaiweka kwapani kama kitabu ya kanisa, akatembea katikati ya watu, na watu wakampa njia. Nilitaka kuruka nimfuate. Nikashika maikrofoni na mikono mbili.

Nikasema, "Watu wanne wameandika kubaki. Ishirini na sita wameandika kurudi. Mimi siulizi ya Festus tena. Nauliza ya hao ishirini na sita. Na nauliza nani alitupeleka huko bila kutuuliza, juu hata Festus mwenyewe hajui alitumwa kufanya nini!"

Hapo Mama Wanyonyi akanyakua maikrofoni. "Wangu ameandika kurudi! Wangu yuko wapi?" Kiarie, ile sauti ilitoka kwa watu sijawahi sikia. Wanaludi rini! Wanaludi rini! Hata wenye wanajua l wakasema kwa r. Nikamtazama bwana wa suti. Alikuwa anarudisha karatasi kwa mfuko. Nilikuwa nimemsomea yote. Hakuwa na kitu imebaki ya kusema!

Nilidhani nitafurahi wiki mzima. Nilifurahi mpaka saa kumi na moja.

Saa kumi na moja yule bwana akakuja nyumbani, peke yake, amevua koti. Mpole sana. Akaniita nje pale kwa mgomba, akasema mambo imesonga, kuna ndege ya kwanza Jumamosi hii, inabeba tisa kutoka huku kwetu. Akanionyesha orodha. Jina ya tisa ni Festus. "Mkubwa amesema familia yako imeumia ya kutosha," akasema. "Mradi tu na nyinyi mpumzike kidogo na hizi kelele."

Jina ya Festus ilikuwa imeandikwa na biro, juu ya jina ingine iliyopigwa mistari. Sasa mimi ni mtu wa rangi. Mimi nasoma herufi zenye zimefunikwa, ukuta yoyote mzee hapa mjini naweza kukuambia ilikuwa inauza nini kabla. Niliona W. Niliona y mbili. Ni Wanyonyi.

Nikamuuliza, "Huyu mmefuta ataenda lini?" Akasema atajulishwa.

Leo asubuhi Festus akapiga kwa simu ya Kevin. Mara ya kwanza nimesikia sauti yake tangu Agosti. Nilikuwa nimejipanga nimtusi, nikasema tu "Wewe!" nikaanza kulia kama mjinga, Kevin akaenda kusimama mbali. Ameona video. Hajakasirika. Alisema, "Umeniaibisha vizuri." Halafu akasema wamemletea fomu tena, yake peke yake, na kiti ya ndege, na Ijumaa saa sita mchana anatakiwa arudishe. Akasema, "Jentrix, mi nilikuwa najua nataka nini. Lakini nimeona Mayi akitembea na ile picha imegeuzwa. Sijui tena. Wewe sema. Ukiniambia nirudi, narudi. Ukiniambia nibaki na maji yangu, nitabaki na sitakulaumu."

Nikamuuliza Wanyonyi ako aje. Akasema, "Huyo? Anaimba tu. Walimwambia wiki jana yuko kwa ndege ya Jumamosi. Ameshafunga begi, analalia."

Hajui, Kiarie. Festus hajui anapewa kiti ya nani. Nilikuwa karibu kumwambia, salio yake ikaisha.

Na Mayi anajua kuna kiti, juu yule bwana alimsalimia akitoka, akamwambia. Tangu jana hakuwa ameniongelesha. Leo ameniita "mwanangu". Anafua blanketi za esimba mara ya pili. Na unajua nani anamshikia upande wa pili wa blanketi wakikamua? Mama Wanyonyi. Amekuja kumpongeza. Ameambiwa na kijana wake jana usiku kwamba yeye pia ni Jumamosi, kwa hivyo wanapanga waende kuwapokea pamoja, gari moja, wagawane mafuta. Nawaona kutoka hapa nikikuandikia. Wanacheka. Mayi, anacheka!

Nikimwambia Festus arudi, nimepata kitu nililia miezi kumi na nne, na nimemuibia yule mama aliketi kwa lango ya polisi mpaka nikatoka. Nikimwambia juu ya lile jina limefutwa, najua atabaki, Festus ni Festus. Mayi ataniuliza ni kwa nini, na nitamjibu nini? Ati nimeona y mbili chini ya biro? Na nikinyamaza, achague mwenyewe bila kujua, hiyo si ndio ile nyamaza yako ya Septemba?

Tata anaita, lori inawashwa. Ataniletea jibu yako Ijumaa asubuhi, Festus anapiga kabla ya saa sita. Usinipee mvua. Usinipee mlima. Mama yako angekuwa ndiye anakamua hiyo blanketi, na Mama Wanyonyi ameshika upande wa pili, wewe ungemwambia Festus aweke tiki wapi?

Jentrix